Udongo Mweupe wa Nyumba Namba Tisa

Jumatatu, 6 Februari 1967

Miche miwili ya sukuma imekufa tena. Imebaki kumi na tisa. Haikufa kwa heshima: iligeuka njano, ikajikunja, ikalala chali. Jua la Isiolo linaamka likiwa na hasira tayari.

Leo Bwana Mkubwa wa ofisi yetu ametuita makarani wote. Kuna mgeni anakuja kutoka Nairobi, Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Anataka kuona kama mboga zinaweza kuota nyumbani kwenye joto hili na udongo huu, ili Waborana waliofungiwa kambini kwa sababu ya vita wafundishwe kulima, maana mifugo yao imekwisha. Atakagua laini yetu ya nyumba za serikali, bustani kwa bustani. Mwenye bustani bora atahamishwa akawe mwalimu wa wakulima. Wapi? Nkubu! Kwetu! Baridi, migomba, maji ya mto, na Kagendo mke wangu ambaye sasa ananiandikia barua fupi fupi kama za benki. Nimekaa hapa miezi kumi na minne nikinusa mizoga ya kambi kila upepo ukigeuka. Nimeapa. Mimi Bedan Muthomi, karani daraja la tatu, nitashinda.

Adui ninamjua. Ni Ntongai, karani wa mifugo, nyumba namba nne. Mmeru mwenzangu, lakini ukabila hausaidii kitu kwenye sukuma. Nyumba yake iko juu, udongo mwekundu. Yangu ni namba tisa, ya mwisho, bondeni, mahali maji ya kuoga ya laini nzima yanapokuja kufia. Bwana Mkubwa alipotaja Nkubu, Ntongai alitabasamu tu. Sipendi mtu anayetabasamu bila sababu.

Jumanne, 7 Februari

Nimegundua ugonjwa. Udongo wangu una ukoko mweupe juu, kama unga uliomwagika. Nimeuonja, kwa sababu za kitaalamu. Chumvi na magadi! Ulimi umewasha mpaka chai ya saa kumi.

Nimeukwangua wote kwa jembe. Magunia mawili na debe moja. Nikamwagilia maji kwa furaha. Jioni weupe umerudi, tena umenona. Nimeutukana kwa Kimeru, lugha ambayo nilidhani udongo wa huku hauielewi, lakini nadhani umeelewa.

Magunia sikuyatupa. Kwenye kozi ya kilimo kule Embu tulifundishwa kwamba udongo wa juu ndio utajiri wa mkulima, na mwenye akili hampi mtu hata kiganja kimoja. Niliandika hivyo kwenye daftari na kupiga mistari miwili chini yake. Nimeyapanga magunia ukutani, nyuma ya nyumba. Sijui nitayafanyia nini, lakini ni yangu.

Alhamisi, 9 Februari

Nimeshambuliwa na ng'ombe.

Kila asubuhi askari wanapitisha mifugo ya kambini nyuma ya laini yetu kwenda kunywa maji birikani. Nilipofika hapa walipita nusu saa nzima, vumbi mpaka kwenye uji. Leo walikuwa ng'ombe saba. Mmoja mwekundu, mifupa mitupu, ametoka kwenye mstari, akaenda moja kwa moja kwenye kamba yangu ya nguo, akatafuna shati langu la kanisani. Kola na makwapa! Kisha akaulamba ukuta wangu. Kisha akayalamba magunia yangu kama ndama anayenyonya.

Mwenyewe akaja mbio. Mama mmoja Mborana, mjane, Dokata jina lake, na mjukuu mgongoni. Amesema pole mara nyingi. Amesema ng'ombe anaitwa Dima, na walikuwa arobaini kabla ya kufungiwa ndani ya seng'enge, sasa ni huyo mmoja. Mtoto ni Bisharo, mwaka mmoja na nusu. Mama yake alifia njiani siku waliyohamishwa, na tangu hapo anaishi kwa maziwa ya Dima, posho ya kambini inamharisha. Amesema ng'ombe hana ubaya na shati langu, anatafuta chumvi ya jasho.

Nimemwambia jasho langu ni mali yangu binafsi. Askari wamecheka, wakawafukuza wote wawili kwa fimbo.

Ijumaa, 10 Februari

Bahati imeniangukia! Dokata amerudi, na koplo wa lango nyuma yake, kwa pasi ya saa moja. Alinisalimu salaam aleikum, nikamjibu habari, tukaelewana hapo katikati. Ameomba udongo ule mweupe. Mimi nimpe debe moja leo, na Jumatatu ataleta gunia zima la samadi kavu kutoka boma lake, achukue udongo uliobaki.

Samadi! Ndiyo dawa yenyewe! Hapa mjini huipati hata kwa kupiga magoti. Kambini kila mtu ameficha ya kwake, kwa sababu hawaruhusiwi kutoka kuokota kuni na wanapikia kinyesi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ameondoka na debe kichwani, anatembea kama amebeba harusi.

Ndipo wasiwasi ukaanza. Kwa nini mtu atoe moto wake wa kupikia kwa ajili ya udongo mbaya? Mwenye akili hatoi kizuri kwa kibaya. Kwa hiyo udongo wangu si mbaya. Una kitu.

Nimemuuliza Ntongai kwa ujanja, kama mtu anayeulizia rafiki. Amesema ni jambo la kawaida kabisa. Ng'ombe wa huku lazima alambe udongo wa chumvi kila baada ya majuma machache, la sivyo anaishiwa nguvu. Zamani wangempeleka wenyewe mbali huko, upande wa Merti, sasa hawaruhusiwi hata kuvuka barabara. Akaniambia nimpe mama wa watu magunia yote, nichukue samadi, nishukuru Mungu. Mpinzani wangu, ananishauri nigawe udongo wangu wa juu, majuma mawili kabla ya ukaguzi! Nilikaribia kumcheka usoni.

Jumapili, 12 Februari

Habari mbaya kanisani. Jana lori limekanyaga bomu barabara ya Garbatulla. Watu wanne wamekufa. Mmoja ni yule mfanyabiashara wa miraa aliyekuwa akinibebea barua za Kagendo. Alikuwa ananidai hadithi moja ambayo sikuimaliza. Nimeogopa sana leo. Niliimba wimbo wa pili nikiutazama mlango, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nikiwa nimeinamisha kichwa kwa maombi, nikaona kila kitu. Unga mweupe. Unawasha ulimi. Mtu wa kambini anautaka kwa magunia. Bomu barabarani siku moja baada ya kuchukua debe langu!

Baruti inatengenezwa na nini? Sijui. Lakini nina hakika ni kitu cheupe.

Jumatatu, 13 Februari

Nimeamka mapema nikaandika ripoti. Kurasa tatu, mwandiko mzuri, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nimemkabidhi Bwana Mkubwa saa mbili kamili. Amesoma, amekunja uso, amepiga simu. Alisema serikali inahitaji vijana wenye macho. Mimi! Macho! Nimetembea kurudi mezani kama mtu aliyepewa cheo.

Saa nne wamemkamata Dokata langoni. Alikuwa na gunia la samadi kichwani, na ndani ya debe vumbi jeupe. Askari wamelimwaga gunia barabarani wakalikanyaga kanyaga wakitafuta bomu. Gunia zima! Hakuna aliyefikiria kwamba ile ni samadi ya mtu. Nimesikitika mno.

Wamemweka kwenye jua mpaka saa kumi na moja akihojiwa. Mtoto amelia kutwa nzima, nilimsikia mpaka ofisini, nikafunga dirisha. Mwisho wamemwachilia kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua ashtakiwe kwa nini. Pasi yake imechanwa. Na amri imetoka: hakuna udongo wala unga mweupe wa aina yoyote kuingia kambini.

Miche kumi na sita.

Jumatano, 15 Februari

Koplo wa lango ni mtu wa kutii. Kuambiwa cheupe, amezuia cheupe. Leo amerudisha chumvi ya Hashi mwenye duka, magunia manne. Hashi amekuja ofisini analia kwamba chumvi ni chumvi, hata Mtume alikula. Bwana Mkubwa amesema amri ni amri mpaka ibadilishwe, na anayeweza kuibadilisha yuko safarini Marsabit.

Mchana Ntongai ameingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Mweusi kwa hasira. Ameniuliza kama ninajua nilichofanya. Ng'ombe wa mama yule alianza kupata nafuu kwa debe moja, akasimama vizuri, maziwa yakaongezeka kikombe kizima, sasa ameanza tena kuyumba. Nimemjibu kwamba mimi ni mtu wa mboga, mambo ya ng'ombe ni idara yake. Akasema basi atafanya kazi ya idara yake.

Na kweli! Jioni amekamatwa langoni na chumvi mfukoni, pakiti ya jikoni, amezungushia leso. Amepewa barua ya onyo. Mtu mwenye barua ya onyo hawezi kuhamishwa kwa sifa, hiyo ipo kwenye kanuni. Mungu wangu, sikuomba hata kidogo, amenipa tu! Nimekula ugali wote.

Kuhusu bustani: nimenyunyizia majivu ya jikoni. Kwetu Nkubu majivu yanafanya maajabu. Nimeweka makarai matano, nisiwe bahili.

Ijumaa, 17 Februari

Majivu hayakufanya maajabu. Miche saba. Udongo sasa umekuwa mweupe zaidi ya mwanzo, unang'aa, unaumiza macho.

Leo nimetumwa kambini kutoa somo la kwanza la mboga. Watu wamekaa chini. Nimechora sukuma ubaoni, jani na shina. Mzee mmoja, Yattani, ameuliza kwa adabu kubwa hayo majani ni ya kulisha mnyama gani. Nimemwambia ni ya watu. Ameyaangalia tena. Ameuliza kama serikali imewamaliza ng'ombe ili sisi tuwe mbuzi. Wenzake wamecheka kidogo, na mimi nikapoteza mahali nilipofika kwenye somo.

Nikitoka nimemwona Dima. Yuko kwenye ukingo wa seng'enge, pale walipotupa mizoga ya mwaka jana, anatafuna mfupa. Mfupa mkavu, mweupe. Dokata anauvuta mdomoni mwake kwa mikono miwili, analia na kumwambia maneno kwa Kiborana kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi. Akafanikiwa kuutoa. Ng'ombe akaokota mwingine. Ntongai aliwahi kusema kwamba ng'ombe aliyekosa chumvi hutafuna mifupa, na kwamba mfupa wa mzoga ni sumu kwake na mfugaji yeyote anajua hivyo. Basi ng'ombe naye angejua.

Dokata ameniona. Alimgeuza tu mtoto mgongoni asinione.

Jumapili, 19 Februari

Sikwenda kanisani, shati halina kola. Ntongai amepita barabarani hakunisalimu. Nikasikia akimwambia mtu wa namba sita kwamba Dima ameanguka jana, miguu ya nyuma haifanyi kazi, ulimi unaning'inia, na hakuna dawa. Alipewa ruhusa ya kwenda kumwona tu.

Nimewaza. Magunia yangu mawili bado yako ukutani. Ningeweza kuyabeba mpaka kwenye seng'enge nikayamwaga upande wa ndani. Hatua mia nne. Nimesimama nikayaangalia kwa muda mrefu. Lakini amri ni amri, na ni mimi niliyeisababisha, nitaonekanaje? Tena udongo wa juu ni utajiri. Tena ng'ombe ameshaanguka. Nimeingia ndani nikapika chai.

Jumatatu, 20 Februari

Dima amekufa alfajiri. Askari wamemkokota kwa kamba mpaka shimoni, wakamchoma ili watu wasimle. Moshi umekuja bondeni moja kwa moja, kama kila kitu kwenye laini hii.

Moyo umeniuma kidogo, karibu na saa nne. Halafu nikakumbuka kwamba mimi sikumgusa ng'ombe. Niliandika tu.

Saa nane simu imetoka Marsabit. Amri imefutwa. Mtu aliyeipiga aliuliza ni mjinga gani aliyezuia chumvi. Bwana Mkubwa amejibu kwamba kulikuwa na taarifa. Aliniangalia. Nikainama kutafuta kalamu chini ya meza mpaka akatoka.

Miche mitatu.

Jumanne, 21 Februari

Mgeni haji! Barabara si salama, ziara imeahirishwa, tarehe haijulikani. Hakuna ukaguzi, hakuna uhamisho, hakuna Nkubu. Bwana Mkubwa ametangaza kwa sentensi mbili akaendelea na mambo ya wino na karatasi. Nimeketi nikiangalia mikono yangu. Majuma mawili ya jembe! Malengelenge! Mkosi gani huu unaonifuata mimi peke yangu?

Ntongai ameng'oa sukuma zake zote mchana, zilikuwa kubwa kama masikio ya tembo. Amezifunga kwenye gunia akazipeleka kambini. Anatafuta sifa kwa yule koplo, hilo liko wazi.

Mimi bado nina mche mmoja. Una majani manne. Nimeujengea kivuli kwa mfuniko wa sanduku.

Jumatano, 22 Februari

Sikutarajia. Dokata amekuja. Koplo nyuma, karai kichwani, Bisharo mgongoni. Nilidhani amekuja kunilaani, nikaushikilia mlango nikiacha ufa wa jicho moja tu.

Hakulaani. Ametua karai chini taratibu. Amesema tulikubaliana udongo kwa samadi. Debe alilipata, na Dima alililamba siku mbili akapata nguvu. Samadi ilimwagwa na askari, haikunifikia, na yeye si mtu wa kuvunja ahadi. Kwa hiyo hii hapa. Ndiyo ya mwisho, hakuna nyingine tena. Nikamuuliza atapikia nini. Amesema hakuna cha kupika.

Kisha ameuangalia mche wangu chini ya mfuniko. Ntongai alileta majani jana, amesema, lakini watu ni wengi, kwake hayakufika. Akauliza kama jani moja likipikwa likalainika sana, mtoto anaweza kulimeza. Nimemweleza kwa upole kabisa kwamba mboga ile ni ya maonyesho, na mgeni anaweza kupangiwa tarehe nyingine wakati wowote. Amesema sawa. Ameshukuru kwa udongo, akaenda.

Mtoto hakulia hata mara moja. Juma lililopita alilia kutwa nzima, leo kichwa kimelala begani, macho wazi, kimya. Hata nzi aliyetua mdomoni hakumfukuza. Wakizoea mahali watoto hutulia.

Walipoondoka nimeichambua samadi kwa mikono. Kavu, safi, haina jiwe hata moja. Lakini karai moja! Mama alikuwa na ng'ombe arobaini, ananiletea karai moja! Hesabu inakataa. Kuna lundo lingine mahali, limefunikwa, na bila shaka Ntongai analijua. Kesho nitawahi ofisini kabla ya wengine nimwandikie Bwana Mkubwa. Kurasa mbili zitatosha.